Kiduara Kimoja

Mkojo wa mkamwana wangu uliletwa mezani kwangu ukiwa bado na joto la mwili wake. Aliyeuleta ni Daktari Rukia Mnzava, binti wa Kipare mwenye haraka kuliko adabu, akautua kando ya hadubini utadhani anatua kikombe cha chai.

"Shikamoo, Mzee Mwakibinga. Hii ianze, nyingine zote zisubiri."

"Marahaba. Ya nani?"

"Ya kwenu. Ya mke wa Lugano."

Nilirudi nyuma na kiti changu mpaka kikagonga ukuta. "Ebo! Toa hicho kitu mbele yangu, daktari! Umerogwa?"

Naomba nieleweke. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tangu mwanangu Lugano amuoe yule binti, nilichokijua kwake ni kikohozi chake na mlio wa ndala zake akipita nyuma ya migomba. Tukikutana njiani kwa bahati mbaya, yeye huchepuka na kuchutama akinipa mgongo. Mimi hukohoa, hutazama mlima Rungwe kana kwamba leo ndiyo nauona, nikapita. Jina lake silitamki. Chakula akipika, hukileta mke wangu. Na msije mkadhani ni mzee tu anang'ang'ania mambo ya kale. Siku hizi hayo ni sheria ya nchi, nitawaeleza. Sasa mtu ambaye sijawahi kumwona hata kisigino, naletewa mkojo wake niukodolee macho!

Daktari aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo ndipo nikaona macho yake yalivyo mekundu.

"Mzee wangu, kungekuwa na mtu mwingine anayesoma hadubini mlima huu mzima, nisingekuja kwako. Ni figo. Tangu alfajiri homa imeingia kwenye damu, presha inateremka. Kwa sasa bado anazungumza, jioni sijui. Nimeomba dawa ya Akiba, wamekubali, droni imeshatoka Mbeya. Unajua ile dawa ikishatoka kwenye barafu hailali. Nataka neno moja tu kutoka kwako: vijiti au viduara?"

Nilivaa glavu. Ningefanya nini?

Kupaka rangi kioo cha hadubini kunataka subira, basi acha nieleze wakati rangi inakolea. Bakteria wanaoshika figo huwa na umbo la kijiti. Chini ya ngozi ya kila mmoja kuna fito, kama fito za nyumba ya udongo, na kuna jeni inayoamuru fito zikae wapi. Dawa za zamani zote, zile ambazo babu zetu walizitafuna kama karanga na kuziacha nusu mara walipojisikia nafuu, zilikwisha nguvu kabla sijaoa. Ikaja Miaka ya Vidonda. Mtu alichomwa mwiba akilima viazi, wiki hiyo hiyo mnamchimbia kaburi. Ndipo ikapatikana Akiba. Akiba haina sumu. Inavunja fito tu. Kijiti kikikosa fito kinavimba, kinakuwa mviringo, kinapasuka. Mara ya kwanza kukiona kikipasuka chini ya hadubini nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Lakini wapo bakteria waliokuwa wajanja. Hao wana kipete kidogo cha vinasaba, kimejikunja peke yake pembeni, na ndani yake kuna jeni mbili: moja inabomoa fito zake mwenyewe, ya pili inamfunza kuishi bila fito. Huyo ndiye kiduara. Akiba ikimjia kumvunjia nyumba, inakuta hana cha kuvunjwa. Ni mvivu, huzaana polepole, na mwilini mwa mtu vijiti humpita mbio, kwa hiyo hukaa kimya pembeni. Ila ukimpa mtu huyo Akiba, vijiti vyote vinakufa, shamba linabaki jeupe, na kiduara ndiye mwenye shamba. Kisha hugawa kile kipete kwa majirani zake, hata wasio wa ukoo wake. Kuna mji mmoja kule kusini, sitautaja, ambako mgonjwa mwenye viduara alipewa Akiba kwa huruma. Alipona, wakamshangilia. Mwaka haukuisha, hakuna mtu wa mji ule aliyeponywa tena na dawa. Barabara ya kuingia kule imefungwa, imepandwa miti.

Na hapo ndipo mwiko ulipoingia. Wataalamu walipozunguka wakati wa Miaka ya Vidonda, walikuta nyumba zilizotenga wakwe, kila mmoja na njia yake, chombo chake, maji yake, zilikuwa zinazika watu wachache. Wakubwa wakazichukua mila zetu, wakazipiga muhuri, wakaziita Kanuni ya Mwiko. Mtu akibeba viduara, wote wanaokula jiko moja naye hawapati Akiba. Lakini mkwe aliyeshika mwiko anahesabiwa kuwa nyumba nyingine kabisa.

Mbebaji wa nyumbani kwetu ni mimi. Viduara nilivipata kwenye kazi hii hii, kipupwe kilichopita. Niliugua kibandani kwangu nyuma ya kahawa mpaka nikawa sijui mchana wala usiku, nikapona kwa kudra tu, na tangu siku hiyo navaa bangili ya njano. Kugusa mgonjwa ni marufuku. Kugusa kioo, ruksa.

Rangi ikakolea. Nikasuuza, nikakausha, nikainamisha jicho. Moyoni nilimwomba radhi yule binti.

Vijiti. Vijiti tele, vyekundu, vimetapakaa kama mchele uliomwagika. Nikapumua. Nikasogeza kioo, vijiti. Nikasogeza tena, vijiti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia daktari habari njema.

"Aka," nikasema.

"Nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Kilikuwa kimoja. Kimekaa ukingoni, kimevimba, kinene kuliko wenzake, mviringo kama tone la maji. Daktari alikitazama muda mrefu.

"Kimoja kati ya ngapi?"

"Kati ya maelfu."

"Kinaweza kuwa kijiti kinachokufa chenyewe, si ndiyo? Huwa vinavimba."

"Huwa vinavimba. Mtoto wa mchungaji alikuwa navyo juzi juzi hapa, na havikuwa kitu."

"Na kinaweza kuwa chenye kipete."

"Kinaweza. Hadubini haioni kipete, daktari, inaona umbo tu. Mashine ya kusoma vinasaba iko Mbeya, na jibu lake huja mtu ameshapona au ameshazikwa."

Alijishika kichwa. "Kwa hiyo kanuni inasemaje?" Aliijua vizuri. Alitaka tu asiwe yeye wa kuisema.

"Kama mgonjwa hajagusana na mbebaji, kiduara kimoja hakihesabiwi. Kama amegusana naye, kimoja ni sawa na elfu."

"Na mbebaji ni wewe."

"Ni mimi!" Nikacheka, jamani, nilicheka kwa furaha ya kweli. "Ndiyo maana nakwambia kaandae sindano! Yule binti hajawahi kukanyaga hata kivuli changu. Mwiko kwetu haujaanza na muhuri wa serikali, sisi tumezaliwa nao."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Haya. Lakini sheria inataka aulizwe mwenyewe, na mbebaji akiwepo. Nenda, ukae nje ya mlango. Mimi nikambadilishe Ambakisye bandeji, maana ule mguu unanuka mpaka jikoni."

Ambakisye Mwaipaja ni mchuma chai. Mashine ya kuvunia ilimchana paja, na kidonda kikageuka. Vijiti vyake nilishavisoma, ni vijiti vitupu. Yeye ndiye aliyekuwa anafuata kwenye foleni ya Akiba, na hakujua kwamba siku ile kulikuwa na dozi hewani.

*

Mkamwana wangu walimlaza chumba cha mwisho wodi ya wanawake, mlangoni pazia la kitenge. Mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya mlimani isiyo na adabu. Nilikaa kwenye benchi la nje, mgongo ukutani, nikakohoa ili ajue nipo.

Lugano alitoka. Mwanangu huyu anaendesha gari la maziwa, ni mtu wa mizaha, lakini siku ile uso wake ulikuwa umekwisha.

"Baba, umeona nini?"

"Vijiti. Kuna kimoja sikukipenda, ila hakina neno. Ni swali moja la kanuni, halafu sindano."

Alishika ukuta kwa mikono miwili akalia. Nikamwacha alie. Nilijisikia mtu mkubwa, msomaji wa vioo niliyeleta uhai nyumbani.

Mke wangu alikuwa ndani, ameketi kitandani na mgonjwa. Maneno kati yangu na mkamwana hupita kwa mama mkwe, ndiyo desturi. Nikasema kwa sauti ya kuvuka pazia:

"Mama Lugano, muulize mwenzio. Amewahi kugusa chombo changu, maji yangu, tandiko langu, au mwili wangu?"

"Hajawahi," mke wangu akajibu. "Aguse wapi yeye? Haya, nenda kamwambie daktari."

Sasa mimi na mwanamke yule tumezeeka pamoja. Akijibu haraka hivyo bila kuuliza, kuna kitu amekikalia.

"Nimesema umuulize."

"Baba Lugano, mtoto anaungua homa unataka kumhoji kama polisi? Hajawahi! Nimemaliza."

Mvua ikapiga mabati. Kisha ikaja sauti nyingine kutoka ndani, nzito kuliko nilivyodhani, inavuta pumzi kila neno.

"Baba."

Hakupitia kwa mtu. Aliniita mimi.

"Nyamaza, mwanangu," mke wangu akasema. "Nyamaza, tafadhali!"

"Mama, niache niseme. Baba, mimi ndiye niliyekuvunjia heshima. Homa hii najua imetoka wapi."

Hapa lazima niwaambie jambo, la sivyo hamtamwelewa. Kwetu ugonjwa ukimshika mtu vibaya, swali la kwanza ni: umemkosea nani? Ukikiri, na uliyemkosea akakusafishia moyo wake, ugonjwa hulegea. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo nilivyolelewa hata mimi na hadubini yangu. Yule binti hakuambiwa habari ya kiduara. Hakujua kilichokuwa mezani kwangu. Alichojua ni kwamba baba mkwe amekuja mwenyewe mlangoni na kuuliza lile lile alilokuwa amelificha.

"Kipupwe kile," akasema, "mama alikuwa Kyela anamuuguza mdogo wake, Lugano yuko safari. Nikasikia unaita maji. Uliita asubuhi, ukaita mchana. Nikajiambia, nikimwacha mzee wa watu afe kwa kiu, hiyo heshima nitampa nani? Nikajifunika uso, nikaingia. Nilikunywesha uji kwa mkono wangu. Nilikuosha, baba. Kila siku mpaka ulipoanza kutambua watu. Mama aliporudi nikamwambia, akasema tuseme ni yeye. Nimekosa. Nimekiri leo, usiwe na kinyongo na mimi. Nisafishie nipone."

Yesu wangu. Ule mkono. Nilikuwa naukumbuka, mkono uliokuwa unaniinua shingo, na kijiko. Mke wangu nilikuwa nimemnunulia kitenge kwa ajili ya mkono ule, akakivaa kanisani.

Nilisikia aibu, nikasikia upendo, na chini ya vyote nilisikia hofu, maana akili ya kazi ilikuwa inaendelea na hesabu yake yenyewe bila kuniomba ruhusa. Amegusana. Amenilisha, ameniosha. Kimoja ni sawa na elfu.

Nikafanya ambalo sijawahi kulifanya. Nikamjibu mwenyewe, mdomo wangu kwa sikio lake, na pazia katikati.

"Mwanangu, hukunikosea. Sina kinyongo, sina doa lolote juu yako. Ungeniacha ningekufa. Umesikia? Moyo wangu ni mweupe."

"Ndaga, baba," akasema. Asante, baba. Nikasikia kitanda kikilia alipojigeuza. "Sasa nitapona."

*

Walinifuata barazani wote wawili, mke wangu na Lugano. Lugano alikuwa ameelewa. Mtoto wa msomaji wa hadubini hahitaji kuelezwa kanuni.

"Baba, mimi sikusikia kitu," akasema.

"Hata mimi," mke wangu akadakia. "Mvua ilikuwa kubwa."

"Mmesikia. Nami nimesikia."

"Umesema kile kimoja hakina neno! Umeniambia mwenyewe, si muda mrefu!"

"Nilisema nikiwa sijajua."

"Kwani kimebadilika? Umekirudia? Ni kile kile, baba! Kinaweza kuwa kijiti kinachokufa, ndiyo au siyo?"

"Kinaweza."

"Basi kinaweza! Utamuua mke wangu kwa ajili ya 'kinaweza'?"

"Na nikikosea, Lugano? Apone wiki mbili, aende kisimani, aende kanisani, ashike mikono ya watu? Ni mlima mzima huu. Ni watoto wa watu ambao mwakani watachomwa mwiba na hakutakuwa na dawa."

"Mlima haukukuosha," mwanangu akasema. "Mlima haukuingia kibandani kukulisha. Aliingia yeye."

Nikageuka kutazama uwanja, pale droni itakapotua.

Mke wangu alinishika mkono, ule ule wenye bangili, akiwa hajali. "Baba Lugano, hao watu wa mwakani mimi siwajui. Huyu namjua. Nimemfundisha kusonga ugali wa kwetu. Sema maneno mawili tu. Dhambi ya kuficha ni yangu, nitaibeba mimi mbele ya Mungu. Wewe sema tu."

Nisiwadanganye, nilitaka kusema. Niliyapanga yale maneno mdomoni, mwiko umeshikwa, yakakaa vizuri kabisa. Nani angejua? Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyeutunga msemo ule mwanawe alikuwa analilia wembe. Wangu alikuwa analilia mke.

Droni ilisikika kabla ya kuonekana, ikashuka ndani ya mvua, ikatua uwanjani kwenye matope. Daktari Rukia alikimbia kulichukua sanduku la dawa akalikumbatia kifuani. Alipofika barazani moshi wa barafu ulikuwa unamtoka mikononi.

"Mzee," akasema, anahema. "Nimeshaweka maji ya mshipa, kila kitu tayari. Mwiko umeshikwa?"

Mke wangu alikuwa bado amenishika. Lugano alikuwa amesimama nyuma ya daktari, ananitazama, midomo yake inacheza bila sauti.

"Haukushikwa," nikasema.

Daktari alitazama nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mjinga yule binti.

"Sikukusikia, mzee. Mvua. Rudia."

Alikuwa ananifungulia mlango, nami niliuona vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea wema mkubwa namna ile katika kazi, na hakuna wema niliowahi kuuchukia vile.

"Haukushikwa, daktari. Nilipougua kipupwe aliniuguza. Alinilisha na kuniosha kwa mikono yake. Amekiri mwenyewe."

Nilitegemea Lugano anipige, na ningemshukuru. Hakunipiga. Alikaa chini pale pale barazani kwenye maji. Mke wangu aliuachia mkono wangu.

Daktari alisimama na lile sanduku. "Sasa hii," akasema, "hii itakufa jioni."

"Mpe Ambakisye," nikasema. "Vijiti vitupu."

Hilo nalo nililisema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

*

Alifariki kesho yake kabla ya saa sita mchana. Mke wangu aliniambia baadaye, kwa mara ya mwisho kuzungumza nami kabla hajanyamaza, kwamba mpaka dakika za mwisho binti alikuwa anasema anajisikia nafuu. Aliuliza mara moja kama sindano imefika, wakamwambia iko njiani. Kisha akasema haina haja sana, kwa kuwa baba ameshamsafishia.

Alizikwa juu ya shamba la viazi. Mbebaji haruhusiwi kusogelea maiti ya mtu wa nyumba yake, kwa hiyo nilisimama kwenye migomba na kusikiliza nyimbo. Nilimsikia mchungaji akilitaja jina lake, Tupokigwe. Nami nikalisema, kwa sauti ndogo, hakuna aliyesikia. Tupokigwe, maana yake tumeokolewa. Jina zuri, na mimi miaka yote ile nalikwepa kama shimo.

Siku ya tatu ya matanga simu ikalia mfukoni. Jibu la Mbeya. Mashine ilikuwa imesoma vinasaba, na kipete kilikuwepo, jeni zote mbili, sawasawa na za viduara vyangu. Angepewa Akiba angepona, na angetoka pale na balaa la mlima mzima. Nilikuwa sahihi. Niliyasoma maneno yale mara tatu nikingoja yanipe chochote. Nikarudisha simu mfukoni. Hakuna aliyeniuliza ni nini.

Mchana ule ule akaja Ambakisye Mwaipaja. Alikuja kwa mguu, fimbo mkono mmoja, na kijana wa kiwanda cha chai amembebea mkungu wa ndizi. Watu wakampisha. Hakuwa anatujua sana; alikuwa amelazwa wodi ya jirani, akasikia kilio cha msiba, akasema akipata nguvu lazima aje kutoa pole. Alivua kofia akatushika mikono wote, isipokuwa mimi, kwa sababu ya bangili. Mimi aliniinamia tu.

"Poleni sana, wazee wangu. Poleni. Kwa kweli mimi mwenyewe nilikuwa wa kufa. Mguu walitaka kuukata, sijui hata ile dawa waliitoa wapi, mchana wa mvua ile, na mimi sina ndugu serikalini. Nikajiuliza, kwa nini mimi nipone na mwenzangu wa wodi ya pili aondoke, tena kijana? Mungu ana mambo yake."

Wanawake waliokuwa jikoni waliacha kuongea. Mke wangu alitazama chini. Watu wazima wote wa pale walikuwa wanajua; kwetu habari haikai kwenye chungu.

Lugano aliinuka. Nikajua sasa mambo yameharibika, nikaanza kuinuka na mimi, halafu nikaona ameenda kuleta kiti. Akamkalisha yule mtu. Akamletea maji, akamnawisha. Akamwekea wali na nyama kwenye sahani, akampa kwa mikono miwili, kisha akachutama mbele yake akautazama ule mguu, bandeji safi na kidole gumba kinachochezacheza.

"Unauma bado?"

"Kidogo tu, ndugu yangu, namshukuru Mungu. Mpaka mwezi ujao narudi shambani."

"Vizuri," Lugano akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. "Mguu huo ndio mke wangu. Utembee nao vizuri."

Ambakisye alitabasamu kidogo, kama mtu anayedhani mfiwa amechanganyikiwa. Akawatazama wanawake, nao hawakumtazama. Akanigeukia mimi, akaangalia bangili, akaangalia uso wangu, na tabasamu likamtoka. Akaiweka sahani chini. Akashika fimbo kutaka kusimama.

Lugano alimshika bega, taratibu, akamrudisha kitini. Akaokota sahani akaiweka tena mapajani mwake.

"Kula," akamwambia. "Umetoka mbali. Kula ushibe."

Yule mtu akala huku machozi yanamdondokea kwenye wali, na Lugano akabaki amechutama mbele yake mpaka sahani ikawa tupu. Kwangu hakugeuka.